Jina Bila Jani ni Moshi Mtupu

WAPENZI wa biri duniani wana ubishi usiokwisha, na ubishi huo unamhusu hata mfanyabiashara asiyevuta kitu. Upande mmoja unasema kila toleo jipya kutoka Havana, hasa lile linalovalishwa utepe wa pili wa karatasi kuonyesha kuwa ni la idadi maalumu, linastahili bei yake na zaidi. Upande wa pili unasema ni bidhaa ile ile iliyovishwa kilemba ili mnunuzi asiulize bei.

Biri tunayoizungumzia hapa si ile ndogo ya Kihindi. Ni ile sigara nene inayosokotwa kwa mkono, ndani na nje jani tupu la tumbaku, bila karatasi. Ni anasa ya wachache, na kama tumbaku nyingine yoyote inaleta saratani. Hilo halina mjadala. Lakini kwa mtu anayetaka kujua namna jina linavyogeuzwa kuwa fedha, ni bidhaa chache zinazofundisha waziwazi kama hii.

Safu hii haina nia ya kuamua nani ana ulimi mzuri. Hoja yetu ni ya kibiashara. Mtindo wa Cuba wa kuuza, yaani kutoa kidogo, kutoza kikubwa na kulinda jina kwa wivu, unafaa kwa yule tu ambaye kweli ana jina na kweli ana jani. Wengi walioiga mtindo huo bila vitu hivyo viwili walipoteza mtaji, na waliowafuata kwa kununua hisa walipoteza pamoja nao.

MARUFUKU ILIYOGEUKA TANGAZO

Tuanze na chanzo. Tarehe 15 Septemba 1960 serikali ya Fidel Castro ilitaifisha viwanda vya biri vya Cuba. Februari 1962 Rais John Kennedy wa Marekani akapiga marufuku biashara na kisiwa hicho. Katibu wake wa habari, Pierre Salinger, alisimulia baadaye katika jarida la Cigar Aficionado kwamba Kennedy alimtuma kwanza akamtafutie biri za Cuba. Salinger alirudi na 1,200, na hapo ndipo Rais alipotia saini.

Katika darasa la biashara tunafundishwa kuwa kufungiwa soko kubwa kuliko yote duniani ni msiba. Kwa biri ya Cuba marufuku ile iligeuka tangazo lisilolipiwa hata senti moja. Mmarekani aliyekatazwa aliamini kuwa anachokatazwa ndicho bora. Imani hiyo imedumu kwa zaidi ya miaka 60. Kuanzia mwaka 2015 wasafiri wa Marekani waliruhusiwa kurudi na biri za Cuba kwa matumizi yao wenyewe, kisha mwaka 2020 ruhusa hiyo ikafutwa, na hamu ikabaki pale pale.

Tatizo ni kwamba familia zilizonyang'anywa viwanda ziliondoka Cuba na kitu kimoja ambacho askari hawezi kukipekua mfukoni, nacho ni jina. Akina Cifuentes walikuwa na Partagás. Akina Menéndez na García walikuwa na Montecristo na H. Upmann. Mahakama za Marekani hazikukubali kuwa utaifishaji wa Havana unafuta haki zao ndani ya Marekani. Ndiyo maana mpaka leo kuna Montecristo mbili duniani: moja ya Cuba, na nyingine inayosokotwa Jamhuri ya Dominika kwa ajili ya soko la Marekani. Romeo y Julieta, Punch na Hoyo de Monterrey nazo ni hivyo hivyo. Jina moja, wenye mali wawili, na mnunuzi asiyejua historia hawezi kuzitofautisha kwa kutazama maandishi tu.

Kesi ya Cohiba ndiyo inayostahili kukumbukwa na kila mwenye duka. Biri hii ilianza kusokotwa mwaka 1966 kwa ajili ya Castro na wageni wa serikali. Cuba ilianza kuiuza kwa watu wote mwaka 1982. Lakini mwaka 1981 kampuni ya General Cigar ilikuwa tayari imekwisha kuliandikisha jina hilo Marekani. Wacuba walifungua kesi mahakamani mwaka 1997. Desemba 2022 ndipo baraza la rufaa la ofisi ya alama za biashara ya Marekani lilipoamua kuwa uandikishaji wa General Cigar ufutwe. Hesabu mwenyewe, msomaji: miaka 25 ya kuwalipa mawakili kwa sababu mtu alichelewa kupeleka karatasi ofisini.

UHABA WA KWELI NA UHABA WA KUPANGWA

Sasa tuje kwenye matoleo mapya yanayozua ubishi. Biri zote za Cuba zinauzwa nje na kampuni moja, Habanos, iliyoanzishwa mwaka 1994. Mwaka 2000 nusu yake ilichukuliwa na Altadis, kampuni ya Wahispania na Wafaransa, nusu nyingine ikabaki kwa serikali. Mwaka huo huo wa 2000 yalianza matoleo ya idadi maalumu ya kila mwaka, yenye utepe wa pili, kwa ahadi kuwa majani yake yamewekwa ghalani si chini ya miaka miwili. Mwaka 2005 yakafuata matoleo ya nchi au kanda moja moja, yanayouzwa huko tu. Mwaka 2010 ikaja Cohiba Behike, ghali kupita zote za kawaida.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 2022. Habanos ilitangaza kuwa bei za Cohiba na Trinidad zitalinganishwa dunia nzima na zile za Hong Kong. Katika masoko mengi zikapanda maradufu au zaidi, karibu usiku mmoja. Wapenzi wa zamani wa Ulaya walipiga kelele kuwa wamefukuzwa mezani. Lakini fedha hazikupiga kelele. Habanos ilitangaza mauzo ya Dola milioni 545 kwa mwaka 2022, Dola milioni 721 kwa mwaka 2023 na Dola milioni 827 kwa mwaka 2024, China ikiongoza kwa ununuzi. Katika tamasha lao la mwaka 2023 mjini Havana, mnada wa makasha machache tu ya biri ulileta zaidi ya Euro milioni 11.

Wanaosema kuwa huu ni ujanja mtupu wa kuficha bidhaa wana sehemu ya ukweli. Hata hivyo, ikumbukwe kuwa nyuma ya uhaba wa kupangwa kuna uhaba wa kweli. Jani bora linatoka Vuelta Abajo, katika mkoa wa Pinar del Río, na eneo lile haliongezeki. Septemba 2022 kimbunga Ian kilipita hapo hapo na kubomoa maelfu ya mabani ya kukaushia tumbaku. Mbolea ni shida, umeme ni shida, wasokotaji hodari wanahama nchi. Mwenye duka wa London au Madrid anayesubiri oda yake kwa miezi hasubiri kwa sababu tu kuna bwana mmoja Havana amekalia maboksi. Mara nyingi maboksi hayapo.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya mtindo wao. Ukimwambia mnunuzi kuwa mali ni chache na kweli ikawa chache, atakuamini mara ya pili. Ukimwambia hivyo halafu akaikuta imejaa kila rafu, umemaliza maneno yako yote.

WALIOIGA MWAKA 1997

Tunao mfano wa walioiga. Mwaka 1992, mwaka ambao Marvin Shanken alianzisha jarida la Cigar Aficionado, Marekani iliagiza kutoka nje biri za kusokotwa kwa mkono zipatazo milioni 100. Mwaka 1997 ziliagizwa zaidi ya milioni 400. Waigizaji wa sinema walipigwa picha wakivuta, mahoteli yalifungua vyumba vya kuvutia, na wauzaji walikuwa na orodha ndefu za oda zisizotimizwa.

Kila mwenye fedha kidogo alitaka jina lake. Zikazuka biri mpya kwa mamia, zote na majina ya Kihispania, zote na picha za wanawake wa Havana na mitende, nyingi zikijinadi kuwa ni za "mbegu ya Cuba". Maneno hayo yana ukweli fulani, kwa kuwa mbegu nyingi za Nikaragua, Hondurasi na Jamhuri ya Dominika zililetwa na Wacuba waliokimbia. Lakini mbegu si udongo, na udongo si muda.

Muda ndio uliowaumbua. Tumbaku ya biri huoteshwa kitaluni, huhamishiwa shambani, huvunwa jani kwa jani, hutundikwa banini mpaka ikauke, kisha huvundikwa kwa marundo ili ukali utoke, halafu hulazwa ghalani. Kabla ya kufika kwa msokotaji huchukua miaka, si miezi. Aliyeingia sokoni mwaka 1996 bila ghala la majani ya 1993 na 1994 alikuwa na njia moja tu, ambayo ni kununua jani bichi kwa bei ya kurukwa na akili, kumpa msokotaji aliyejifunza mwezi uliopita, na kuweka utepe wa dhahabu. Wavutaji walizionja mara moja, wakaziacha. Maghala yakafurika, na biri zilizokuwa na bei ya kifahari zikaishia kuuzwa kwa Dola moja au pungufu.

Hata Cuba yenyewe haikusalimika. Baada ya miaka ya dhiki iliyofuata kuvunjika kwa Urusi ya Kisovieti, ilitaka kuvuna fedha za kigeni kwa haraka. Ikaongeza uzalishaji na kuajiri wasokotaji wapya. Biri nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimekazwa mno kiasi cha kutopitisha moshi. Ilibidi viwanda vyake vianze kutumia mashine za kupima mvuto kabla ya kuzipeleka sokoni. Mwenye jina kubwa kuliko wote alipokiuka kanuni yake mwenyewe, alilipa kama wengine.

Wenye hisa nao waliona cha mtema kuni. Consolidated Cigar, kampuni ya tajiri Ronald Perelman, iliuza hisa zake kwa watu mwaka 1996 kwa Dola 23 kila moja. Desemba 1998 kampuni ya Kifaransa ya Seita ilikubali kuinunua kwa Dola 17.85 kwa hisa. General Cigar iliuza hisa kwa Dola 18 mwaka 1997. Mwaka 2000 Swedish Match ikawapa wanahisa wa kawaida Dola 15.25. Kampuni hizi mbili hazikuwa za matapeli. Zilikuwa na viwanda, majani na majina halali. Walioumia ni wale waliodhani kuwa mstari unaopanda leo utapanda milele.

Na nani walinusurika? Ni wale waliokuwa na jani. Familia ya Fuente ya Jamhuri ya Dominika iliambiwa kuwa jani la nje, lile zuri la kufunikia biri, haliwezi kumea vizuri katika nchi ile. Wakalima, wakasubiri, na mwaka 1995 wakatoa Fuente Fuente OpusX, ambayo mpaka leo wauzaji wanaigawa kwa kupima. Familia ya Padrón, iliyoanza Miami mwaka 1964, ilitoa toleo lake la ukumbusho mwaka 1994 kwa majani ya Nikaragua yaliyolazwa miaka kadhaa.

Msomaji anaweza kuuliza: je, si kweli kwamba chema chajiuza? Methali hiyo ni nzuri lakini Davidoff inaipunguzia nguvu. Kampuni hiyo ya Uswisi ilisokotewa biri zake Cuba kwa miaka mingi. Mwaka 1989 Zino Davidoff alichoma hadharani zaidi ya biri 100,000 akisema hazifikii ubora wake, kisha kampuni ikahamia Jamhuri ya Dominika. Jina lilihama, jani la Cuba likabaki nyuma, na wateja wengi wakalifuata jina, kwa sababu walikuwa wameona kwa macho yao kwamba mwenye jina yu tayari kuteketeza mali yake kuliko kuuza mbaya. Chema chajiuza pale tu ambapo kuna mtu anayezuia kibaya kisiuzwe kwa jina hilo hilo.

WA HUKU TUPATE NINI?

Tuseme wazi kwa wafanyabiashara wanaopita Dubai kufuata mali na kukutana na boksi la Cohiba lenye kifuniko cha kioo, kwa bei ya kirafiki. Boksi la kioo ni alama inayojulikana ya biri bandia. Cuba imekuwa ikibandika muhuri wa serikali juu ya maboksi ya biri tangu mwaka 1889, na muhuri wa sasa una alama za usalama na namba. Habanos inauza kupitia mawakala waliogawiwa nchi zao. Mali isiyotoka kwa wakala haina wa kuilalamikia.

Hata mali halali ina gharama zake. Biri inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na ubaridi. Ndani ya jani huwa kuna mayai ya mdudu wa tumbaku, na joto likipita nyuzi 25 huweza kuanguliwa na kutoboa boksi zima. Mwenye stoo ya Dar es Salaam au Mombasa isiyo na kiyoyozi cha mchana na usiku, na jenereta la akiba, asijidanganye kuwa anaweka mtaji, anafuga wadudu.

Wapo wanaonunua maboksi wakitegemea kuyauza ghali baadaye. Ni kweli kwamba waliokuwa na Cohiba kabla ya 2022 walifurahi. Lakini furaha yao ilitokana na uamuzi wa muuzaji mmoja, si wa soko. Bei iliyopandishwa kwa waraka inaweza kushushwa kwa waraka. Isitoshe, hisa za Habanos haziuzwi kwenye soko lolote la hisa. Imperial Brands, iliyoichukua Altadis mwaka 2008, ilikubali mwaka 2020 kuuza biashara yake yote ya biri ghali, pamoja na ile nusu ya Habanos, kwa Euro bilioni 1.225, na wanunuzi ni watu binafsi. Mwekezaji mdogo anayenunua boksi anabeba hatari ya mwenye kampuni bila kupata kura wala gawio.

Kuna pia mkono wa sheria. Mwishoni mwa mwaka 2012 Australia ililazimisha tumbaku zote, biri zikiwemo, zifungwe katika pakiti za rangi moja, na utepe wenye nembo usionekane. Kenya ilipiga marufuku matangazo ya tumbaku kwa sheria ya mwaka 2007. Mwenye mali yake yote ndani ya utepe anapaswa kujua kuwa bunge linaweza kuufunika.

Somo kubwa, hata hivyo, si la wavutaji. Mkulima wa Urambo au Sikonge analipwa kwa daraja la jani, basi. Jina linawekwa mbali, na faida ya jina inabaki huko huko. Tumbaku yake ni ya sigara na si ya biri, lakini hali ni ile ile kwa kahawa, chai na karafuu. Kameruni inatoa jani la nje linalosifiwa na wasokotaji wa Karibi, na baadhi ya biri maarufu za Fuente huvishwa jani hilo. Mvutaji akizilipia, jina analolitaja ni la Fuente. Ethiopia ndiyo iliyokataa hali hii: ilipigania haki ya majina ya kahawa zake za Sidamo, Harrar na Yirgacheffe nchini Marekani, na mwaka 2007 Starbucks ikatia saini makubaliano ya kuyatambua.

Kwa hiyo, yeyote atakayeletewa toleo jipya, liwe la biri, la kahawa au la kampuni inayouza hisa kwa mara ya kwanza, aulize maswali mawili kabla ya kufungua pochi. Jina hili limeandikishwa wapi na kwa nani? Na jani liko wapi, yaani ile mali yenyewe, iliyokwisha kulazwa ghalani? Muuzaji mwenye majibu ataonyesha karatasi na kufungua mlango wa stoo. Asiye nayo ataonyesha utepe.